Namna ya kuandika tangazo ambalo watu wote wataelewa



Mara hii tunataka kuzungumza nanyi juu ya jambo linaloonekana dogo, yaani karatasi inayobandikwa ukutani. Wengi wenu mnatuuliza juu ya mashamba, juu ya usuluhishi, juu ya kurudi vijijini. Hayo tutaendelea nayo. Lakini katika kazi yetu tumeona magomvi ambayo hayakuletwa na mtu mbaya wala na kabila fulani. Yaliletwa na tangazo lililoandikwa vibaya. Na moja kati ya matangazo hayo tuliliandika sisi wenyewe.

Ilikuwa Kivu ya Kusini, katika kijiji kimoja kando ya ziwa Tanganyika, ambako wahamiaji walikuwa wamepokelewa katika nyumba za wenyeji na wengine wakalala katika madarasa ya shule. Tulikuwa na sabuni, mablanketi na sufuria, lakini si za kutosha watu wote. Jioni moja tulibandika karatasi hii:

«Wahusika wote wanaarifiwa kwamba zoezi la ugawaji wa vifaa visivyo vya chakula kwa ajili ya kaya zilizo katika mazingira magumu litafanyika kesho saa 8 katika uwanja wa kawaida. Kila mmoja ahudhurie bila kukosa.»

Tuliisoma tukaona ni nzuri. Kiswahili chake kilikuwa safi, tena chenye heshima. Asubuhi yake walikuja watu karibu mara tatu ya wale tuliowategemea. Wenyeji walikuja pia, kwa sababu tuliandika «kila mmoja». Wengine walikuja asubuhi, wengine saa nane mchana, wakakuta kila kitu kimekwisha. Wengine walingoja kwenye uwanja wa kanisa, na sisi tulikuwa kwenye uwanja wa shule. Mchana ule mawe yalirushwa. Kijana mmoja alipasuliwa kichwa. Wenyeji wakafunga njia ya kwenda kwenye bomba la maji, wakisema wahamiaji wamekula peke yao, na kwa siku kadhaa watoto wa wahamiaji walichota maji ya ziwa. Njia ilifunguliwa baada ya mama wazee wa pande zote mbili kukaa pamoja. Sisi tulikuwa tumekwisha kuandika ripoti kwamba ugawaji umefanyika vizuri.

Turudi kwenye ile karatasi, neno kwa neno, maana makosa yake ni yale ambayo tunayaona bado katika sehemu nyingi.

«Kesho» ni lini? Aliyeisoma jioni ile alielewa. Aliyeisoma asubuhi yake alifikiri ni siku inayofuata. Karatasi inakaa ukutani, lakini kesho haikai. Andika tarehe, na andika jina la siku. Hapa pia kuna mtego. Kiswahili cha shuleni kinasema Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Kwetu kuna wengi wanaohesabu kwa kazi: siku ya kwanza ndiyo Jumatatu, siku ya pili ndiyo Jumanne. Basi anayesikia «Jumatatu» na kushika ile «tatu» anaweza kuja siku ya tatu, na hiyo ni Jumatano. Hatusemi kwamba njia moja ni sahihi na nyingine ni kosa. Tunasema: andika zote mbili, pamoja na tarehe.

«Saa 8» ni saa gani? Mtu aliyezoea saa ya Kifaransa anasoma saa mbili asubuhi. Mtu aliyezoea saa ya Kiswahili anasoma saa nane mchana. Tofauti yake ni masaa sita, na ndani ya masaa sita mablanketi yanakwisha. Andika «saa mbili asubuhi» kwa maneno, halafu kando yake «8 h 00». Wale wenye jamaa ng'ambo wakumbuke jambo lingine: saa ya Goma, Bukavu na Uvira inatangulia saa ya Kinshasa kwa saa moja, na saa ya Tanzania na Uganda inatangulia yetu kwa saa moja tena. Mtu aliye Nyarugusu au Nakivale akikuambia kwa simu kwamba atakupigia saa fulani, muulize: saa yako au saa yangu?

«Uwanja wa kawaida» unajulikana na yule anayeutumia tu. Mhamiaji aliyefika juzi hana kitu cha kawaida hapo kijijini. Taja kitu kinachoonekana kwa macho: shule, mti mkubwa, bomba, duka la rangi ya buluu.

Neno «kaya» ndilo lililotuaibisha zaidi. Ndugu zetu wa Tanzania wanalitumia kila siku, na wale waliokaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996, wamelizoea. Lakini huku kwetu watu wengi wanasema jamaa, au wanasema tu «nyumba». Hata ukiandika «jamaa» bado kazi haijaisha. Mwanaume mwenye wake wawili wanaopika kila mmoja kwenye jiko lake, ni jamaa moja au mbili? Bibi anayelea wajukuu ndani ya nyumba ya mwenyeji, anahesabiwa na mwenyeji au peke yake? Kama kamati haijaamua, karatasi haiwezi kusema wazi. Mara nyingi tangazo lisiloeleweka linatoka kwenye uamuzi ambao haujafanyika. Watu wanaficha hilo kwa maneno makubwa.

«Mazingira magumu» ni mfano wa hayo maneno makubwa. Ndani ya kambi ya wahamiaji, nani ambaye hayuko katika mazingira magumu? Mashirika yanapenda maneno kama haya kwa sababu yanatoka katika makaratasi yao ya Kifaransa au Kiingereza. Msomaji hana haja nayo. Sema: wajane wenye watoto, wazee wasio na mtu wa kuwasaidia, wenye ulemavu, watu ambao nyumba zao ziliungua. Ukishindwa kusema ni nani, usibandike karatasi.

Mwisho, «litafanyika». Litafanywa na nani? Kiswahili kinaturuhusu kusema imeamuliwa, imekatazwa, itatolewa, bila kumtaja mtu yeyote. Katika nchi yetu, ambako watu wameteswa sana na amri zisizo na mwenyewe, jambo hili linaleta hofu. Andika: «Kamati ya wahamiaji na chifu wa kijiji wameamua.» Mtu akiwa na malalamiko atajua mlango wa kubisha. Kama unaogopa kuweka jina la kamati yenu chini ya uamuzi, labda uamuzi wenyewe unahitaji kuangaliwa tena.

Siku hizi, tangazo kama lile tungeliandika hivi:

SABUNI, MABLANKETI NA SUFURIA
Siku: siku ya nne (Alhamisi), tarehe 12 mwezi wa sita.
Saa: saa mbili asubuhi (8 h 00).
Mahali: uwanja wa mpira wa shule ya msingi, karibu na bomba.
Nani atapewa: jamaa zenye jetoni ya kijani. Jetoni hizi zilitolewa wiki iliyopita kwa wahamiaji na kwa wenyeji.
Uje na nini: jetoni yako. Mtu mmoja kwa kila jetoni.
Kama huna jetoni: mara hii vifaa havitoshi watu wote. Ukiona umesahauliwa, mwone katibu wa kamati chini ya mwembe wa shule, siku ya tatu (Jumatano) tarehe 11, saa nane mchana (14 h 00).
Hakuna malipo. Mtu akikuomba pesa, au kitu kingine chochote, au mwili wako, usikubali. Mwambie mama msimamizi wa kambi au mjumbe yeyote wa kamati.
Waliopanga: kamati ya wahamiaji, chifu wa kijiji na shirika letu.

Tazameni sehemu mbili za karatasi hii. Ya kwanza ni ile ya asiye na jetoni. Watu wengi wanaoandika matangazo wanasahau kumwandikia yule atakayekosa. Wanamwandikia atakayepata tu. Lakini anayepata hana ugomvi. Anayekosa ndiye anayerudi nyumbani na uchungu, ndiye anayesema «wametupita», na akiwa mwenyeji aliyegawana shamba lake la mihogo na wageni kwa miezi sita, uchungu wake una sababu. Mwambie ukweli kwamba vifaa havitoshi, na umwonyeshe pa kusemea.

Ya pili ni ile ya malipo. Kuna viongozi waliotuambia kwamba maneno kuhusu mwili ni ya aibu, hayafai kubandikwa mbele ya watoto. Tunawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Mwezi wa tisa mwaka 2021 tume huru ilitoa ripoti yake juu ya mambo yaliyofanyika Kivu ya Kaskazini na Ituri wakati wa Ebola, na ilionyesha wanawake walioahidiwa kazi kwa masharti ya kulala na wanaume wenye madaraka. Mama anayejua kwamba kitu ni cha bure ana nguvu ya kukataa. Asipojua, yule mwenye kalamu na orodha ndiye anayeamua.

Tunazungumza juu ya kusoma, lakini tunajua wengi katika kambi hawasomi, au wanasoma kwa taabu, au wameacha miwani yao katika nyumba iliyoungua. Tangazo la kambini linasomwa na mtu mmoja na kusikilizwa na mia. Litasomwa kwa megafoni, litasomwa kanisani baada ya ibada, msikitini baada ya sala, na mtoto wa shule atamsomea nyanya yake. Kwa hiyo lazima liandikwe kwa ajili ya sikio. Sentensi moja ibebe jambo moja. Ukiona umeandika «ambayo» mara tatu kabla ya nukta, mwenye megafoni ataishiwa na pumzi, na mama aliyesimama nyuma na mtoto mgongoni atashika mwisho tu. Jambo la lazima liende mbele. Salamu ndefu na majina ya wakubwa waliohudhuria yakae chini, au yasikae kabisa. Tunajua hili ni gumu kwetu. Tumelelewa kuanza na heshima. Lakini mtu anayekimbia mvua anasoma mistari miwili ya kwanza.

Kabla ya kubandika, fanyeni jaribio hili, halina gharama. Mpeni karatasi kijana asiyekuwa katika mkutano wenu, awasomee watu watatu: mzee mmoja, mama mmoja mhamiaji, mwenyeji mmoja. Msiwaulize «mmeelewa?» Kila mtu atajibu ndiyo, maana hakuna anayependa kuonekana mjinga. Waulizeni: «Wewe utakuja siku gani? Utakuja na nini? Jirani yako asiye na jetoni afanye nini?» Kama majibu yanatofautiana, kosa si lao. Rudini mezani.

Na mwandike kwa lugha gani? Nchi yetu ina lugha zaidi ya mia mbili, na Kifaransa ndiyo lugha ya ofisi. Radio Okapi, iliyoanza mwaka 2002, iliamua tangu mwanzo kusema Kifaransa pamoja na lugha zetu nne za taifa, yaani Kiswahili, Lingala, Kikongo na Tshiluba, na watu wakaifuata. Lakini hata Kiswahili si kimoja. Wakati wa Ebola ya mwaka 2018 hadi 2020, iliyoua watu zaidi ya 2.200, wachunguzi wa lugha walifika Goma na Beni wakawauliza watu. Walikuta kwamba maelezo ya Kifaransa na ya Kiswahili cha vitabu hayakuwafikia wengi. Watu walitaka kuelezwa kwa Kiswahili chao cha kila siku, au kwa lugha ya nyumbani, na walitaka maneno ya waganga yafunguliwe maana yake. Ugonjwa ulikuwa tayari umezungukwa na uvumi. Kila neno ambalo watu hawakulielewa lilijazwa na uvumi mwingine.

Sisi tunaandika jarida hili kwa Kiswahili ambacho tunatumaini mtu wa Uvira, wa Bunia na wa Kalemie anaweza kukisoma. Lakini tangazo la kambi yenu liandikeni kama mnavyosema pale. Hakuna mwalimu atakayekuja kusahihisha.

Kuna neno moja ambalo tunaomba mlitumie kwa uangalifu sana, nalo ni «wakimbizi». Katika mazungumzo tunalitumia kwa kila mtu aliyekimbia. Katika sheria, mkimbizi ni mtu aliyevuka mpaka wa nchi yake. Aliyekimbia kutoka Masisi kwenda Minova hakuvuka mpaka. Ni raia ndani ya nchi yake, na haki zake zimeandikwa katika Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998 juu ya watu waliohamishwa ndani ya nchi. Ukiandika «wakimbizi» juu ya orodha ya wahamiaji, kuna mtu atakayesema: «Basi hawa ni wageni, warudi kwao.» Katika eneo letu, ambako suala la nani ni raia limemwaga damu, kosa hilo si dogo. Ni hivyo pia kwa maneno kama «wale watu», «watu wa kuja», «adui». Yanaingia katika karatasi za mikutano bila mwandishi kujua, kwa sababu ndivyo watu walivyosema wakiwa na hasira.

Makatibu wa kamati za amani watuelewe vizuri hapa. Hatuwaombi mfute ukali wa maneno ya watu. Mtu akisema «waliniibia ng'ombe wangu wanne», andika hivyo, na uandike ni nani aliyesema. Usiandike «ng'ombe waliibwa na upande wa pili», kwa sababu sasa karatasi yako ndiyo inayoshitaki. Upande mmoja ukipewa mistari kumi na upande mwingine miwili, wa pili watahesabu. Tumewaona wakihesabu. Kabla ya kutia sahihi, somea pande zote mbili kwa sauti, katika lugha wanayoielewa, na anayetaka kusahihisha maneno yake mwenyewe asahihishe.

Tangazo pia linaweza kuhatarisha maisha. Tumeona orodha zilizobandikwa nje zenye jina la mtu, kijiji alichotoka, namba ya simu na idadi ya watoto. Mwandishi alitaka uwazi. Lakini mtu yeyote mwenye nia mbaya anapita, anasoma, anajua mjane fulani anaishi wapi na kwamba leo amepokea pesa. Nje bandikeni namba za jetoni tu. Majina yabaki katika daftari, na daftari libaki kwa mtu anayejulikana.

Majina yanahitajika kwa wingi katika kazi nyingine, ile ya kutafuta jamaa waliopotezana. Ujumbe wa familia wa Msalaba Mwekundu ni barua fupi iliyo wazi. Inasomwa kabla ya kupelekwa, ili kuhakikisha imebeba habari za familia tu, kwa hiyo usiweke ndani habari za askari wala za siasa. Hapo kuandika wazi maana yake ni kumsaidia mtafutaji. «Mama Furaha wa Fizi» hatapatikana, maana Mama Furaha ni wengi. Andika majina yote, hata jina la utani. Wazee wengi wana majina mawili, kwa sababu mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilikataza majina ya kizungu, na mtu mmoja anaweza kuitwa kwa jina moja katika cheti na kwa jingine nyumbani. Andika jina la baba na la mama, kijiji cha kuzaliwa, mahali na mwezi mlipoonana mara ya mwisho, na alikuwa pamoja na nani.

Mnaweza kuuliza: ya nini karatasi, wakati kila mtu ana simu? Simu ni nzuri, lakini ujumbe wa simu unapita mikono mingi na kila mkono unaongeza kitu. Mwezi wa pili mwaka 2025, katika kambi za pembeni ya Goma kama Bulengo na Lushagala, watu waliambiwa kwamba M23 imewapa masaa 72 kuondoka. Siku zilizofuata M23 ilisema kurudi ni kwa hiari. Kati ya maneno hayo mawili, maelfu ya jamaa walikuwa wamekwisha kubomoa vibanda vyao na kubeba mizigo. Kanuni ya 7 katika zile Kanuni za mwaka 1998 inataka wanaohamishwa waelezwe kwa ukamilifu sababu na utaratibu. Ukipokea ujumbe wa namna hiyo, tafuta mambo matatu kabla ya kuusambaza: nani ameusema, tarehe gani, na aliusikia wapi yule aliyekutumia. Ukikosa hata moja, uliza kwanza. Na wewe ukiandika kwa simu, weka mambo hayo matatu ndani ya ujumbe wenyewe, kwa sababu ukishautuma hutakuwepo kuueleza.

Jambo la mwisho ni la kuondoa karatasi za zamani. Tumeingia katika vituo ambako tangazo la chanjo la mwaka uliopita bado liko mlangoni, na juu yake lingine la mbegu, na juu yake lingine lililopasuka nusu. Mgeni hajui lipi ni la leo. Kamati imchague mtu mmoja, na kila jioni ya siku ya posho apite na kutoa yote ambayo tarehe yake imepita. Karatasi hizo zisitupwe. Upande wake wa nyuma ni mweupe bado, na watoto wa shule wanauhitaji.